Daftari Moja kwa Mashirika Matatu: Kisa cha Huduma za Afya Katika Kata Moja ya Dar es Salaam

Majina ya kata, zahanati, mashirika na watu yameondolewa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Mimi nilikuwa mwezeshaji wa vikao vya pamoja. Sikuajiriwa na shirika lolote kati ya hayo matatu.

Kata na mashirika yake

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Ongezeko hilo la watu milioni moja halikuingia Kariakoo wala Upanga. Sehemu kubwa iliingia kwenye kata za pembezoni kama hii, ambako shamba la mihogo la jana leo ni nyumba ya vyumba sita, na kila chumba kina mpangaji wake.

Upande wa juu wa kata una lami, maduka ya dawa na kituo cha daladala. Upande wa chini, wanaouita bondeni, ni makazi yasiyopimwa. Masika yakianza, njia za huko hujaa maji, na dereva wa bajaji hukushusha juu umalizie kwa miguu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, yaani MMAM wa 2007 hadi 2017, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Kata hii ilikuwa bado haijapata kituo. Ilikuwa na zahanati moja ya serikali, huko huko juu karibu na lami, na zahanati nyingine ya taasisi ya dini.

Mashirika yalikuwa matatu. La kwanza lilianzishwa na watu waliowahi kuugua kifua kikuu, nalo lilifuatilia wagonjwa wa kifua kikuu na wanaoishi na virusi vya UKIMWI. La pili lilishughulikia wajawazito na watoto wachanga, likiwa na mfadhili wa nje. La tatu ndilo hiyo taasisi ya dini, iliyokuwa na zahanati yake na wahudumu wa kujitolea waliowatembelea wazee wenye presha na sukari. Yote yalikuwa yamesajiliwa na yalikuwa na barua ya utambulisho kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kila moja lilikuwa na wahudumu wake na daftari lake, na ripoti yake ilipanda juu bila kupitia kwa mwenzake.

Nyumba moja, wahudumu watatu

Kilichofungua macho ya watu ni nyumba moja ya bondeni. Baba wa nyumba alikuwa mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu, kati ya miezi sita anayopaswa kumeza. Mkewe alikuwa mjamzito. Walikuwa na mtoto wa miaka mitatu, na bibi mzaa baba alilala chumba kimoja na mtoto huyo.

Ndani ya wiki moja walipita wahudumu watatu. Wa kwanza aliangalia vidonge vya baba, akauliza nani mwingine anakohoa, akaondoka. Wa pili aliandika mimba ya mama na kumhimiza aanze kliniki, bila kujua kwamba analala nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu. Wa tatu alimpima bibi presha, akakuta iko juu, akamwandikia rufaa ya kwenda hospitali. Mtoto hakuulizwa na yeyote, ilhali mwongozo wa kifua kikuu uko wazi: mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa achunguzwe, na akikutwa hana ugonjwa apewe dawa za kinga. Bibi naye hakwenda popote. Karatasi ya rufaa aliikunja akaifunga kwenye pindo la kanga, kwa sababu nauli hakuwa nayo, na jirani alishamwambia kwamba bila kitambulisho cha msamaha atalipishwa.

Mhudumu wa tatu alipokuwa anaaga, mama wa nyumba alimuuliza kama yeye na wale wengine wanafahamiana. Swali hilo lilifika kwa mganga mfawidhi wa zahanati ya serikali, na nampa sifa zake, hakulipuuza. Alikwenda bondeni mwenyewe. Akagundua pia kwamba nyumba zilizo ng'ambo ya mfereji, hatua chache kutoka hapo, hazikuwa kwenye daftari la shirika lolote.

Aliita kikao baada ya saa za kliniki, watu wakakaa kwenye mabenchi ya wagonjwa: mashirika matatu, watendaji wa mitaa, afisa maendeleo ya jamii wa kata na mratibu wa kifua kikuu wa wilaya. Kikao hicho kilizaa hati ya makubaliano, ikapigwa mihuri, na kwa miezi kadhaa hakuna kilichobadilika. Hati ilieleza nia njema. Haikueleza nani anakwenda nyumba ipi, wala karatasi ya rufaa ikishaandikwa nani anaifuatilia.

Kikao cha maana kilikuwa cha pili, pale mganga mfawidhi alipomwomba kila mtu aje na madaftari yake yenyewe, wala si ripoti. Yalipofunguliwa pamoja mezani, shida ilijionyesha. Mwanamke mmoja alikuwa kwenye daftari la uzazi kwa jina la kitambulisho cha NIDA, kwenye daftari la kifua kikuu kama mke wa fulani, na kwenye daftari la taasisi ya dini kama Mama Asha. Palitumika mchana mzima kusoma majina kwa sauti, huku mjumbe wa mtaa akisema huyu na huyu ni mmoja. Sijaona kikao cha ushirikiano kilichofanya kazi kubwa kuliko mchana ule.

Maamuzi, na kwa nini yalikuwa hayo

Uamuzi wa kwanza ulihusu daftari la pamoja likae wapi, na ndio uliobishaniwa zaidi. Shirika la uzazi lilikuwa na vishikwambi na programu ya kuandikisha kaya, likataka wote waingie humo. Ilikuwa hoja nzuri: hakuna kurudia majina na hakuna karatasi kuloa mvua. Mwenyekiti wa mtaa mmoja alitaka daftari likae ofisini kwake kwa sababu ndiye anayewajua watu. Mwisho lilipelekwa zahanati ya serikali, kwenye kabati lenye kufuli, kwa sababu mbili. Programu ilikuwa mali ya mradi, na mradi ukiisha huondoka na funguo zake. Ofisi ya serikali ya mtaa nayo ni mahali watu wanapokwenda kusuluhishwa ugomvi wa kiwanja na kodi ya pango. Jina la mgonjwa halipaswi kulala hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, lakini hata bila sheria akina mama wa bondeni walishasema wazi kwamba hawataki.

Kwa hiyo daftari halikuandika ugonjwa. Liliandika jina la mwenye nyumba, chumba, namba ya simu, waliomo na umri wao, na alama ya kwamba kuna mtu wa kufuatiliwa na tarehe ya kumfuata. Undani wa ugonjwa ulibaki kwenye rejista za kliniki husika. Kila mhudumu alipewa eneo badala ya ugonjwa: nyumba za kutoka mti huu hadi kisima kile ni zako, na ukiingia unauliza yote, kikohozi, mimba, kadi ya mtoto, presha ya mzee. Ng'ambo ya mfereji ikapata mtu wake. Mafunzo yaliendeshwa na wauguzi wa zahanati zote mbili, kila shirika likifundisha lake.

Pili, karatasi ya rufaa. Ilitengenezwa moja kwa wote, ya kukata katikati. Kipande cha juu anabaki nacho mgonjwa. Cha chini hukatwa na muuguzi mgonjwa anapofika, kikatumbukizwa kwenye sanduku la mbao lililowekwa dirisha la mapokezi. Kila Ijumaa mchana wahudumu walifungua sanduku na kulinganisha na vishina vya rufaa walizoandika. Ambaye kipande chake hakimo hakufika, na Jumatatu anafuatwa kuulizwa kwa nini. Kabla ya hapo mashirika yalihesabu rufaa zilizoandikwa. Sasa yalilazimika kuhesabu watu waliofika, na majibu ya kwa nini hawakufika yakaanza kuja: nauli, mume kakataa, dawa ziliisha mara ya mwisho, nilikwenda nikakuta foleni nikawahi kibarua.

Jibu hilo la mwisho lilizaa kliniki ya jioni. Bondeni kunaishi mama lishe, wachuuzi na vibarua wanaoondoka alfajiri na kurudi jua likizama, wakati zahanati ya serikali imefungwa. Zahanati ya taasisi ya dini ilikubali kufungua jioni moja kwa wiki, kupima presha na sukari bila malipo na kuchukua makohozi kwa wanaokohoa. Halmashauri nayo ilihakikisha zahanati hiyo inapata chanjo na dawa za kifua kikuu kupitia mfumo wa serikali, ili mtu akianzia pale asirushwe kwingine.

Tatu, fedha za wahudumu. Shirika moja lililipa posho ya mwezi. Jingine lililipa kwa kila kichwa kilichopelekwa kupimwa. La tatu lilitoa vocha ya simu na shukrani. Malipo ya kwa kichwa ndiyo yaliyokuwa yanawagombanisha wahudumu. Mgonjwa mmoja alikuwa anaandikwa na wawili, kila mmoja akidai ni wake. Yalifutwa, na ikawekwa nauli sawa kwa wote kwa siku za kazi zilizopangwa. Shirika lililolipa vizuri lilishusha kiwango, na baadhi ya wahudumu wake walinuna, kwa haki kabisa. Mtu anayetembea juani nyumba kwa nyumba anafanya kazi, na kazi inastahili ujira. Lakini viwango vitatu ndani ya mtaa mmoja vilikuwa vinavunja kile tulichokuwa tunakijenga.

Nne, fulana. Shirika la kifua kikuu lilikuwa na fulana zenye maandishi makubwa mgongoni. Mhudumu akiingia nazo uani, nyumba nzima inajua kuna nini chumba cha tatu, na kwenye nyumba za kupanga hilo linatosha kumfanya mtu ahame usiku. Wahudumu wenyewe ndio waliotoa hoja hii, kwa kuwa wengi wao walishapitia kunyooshewa vidole. Fulana zote za mashirika zikaachwa, na kila mhudumu akavaa kitambulisho cha kawaida chenye muhuri wa kata. Mfadhili mmoja alilalamika kwamba nembo yake haionekani. Mkurugenzi wa shirika hilo alimjibu kwa barua iliyoeleza kwamba nembo ikionekana mgonjwa haonekani, na jambo likaishia hapo.

Tano ni barua ya mwenyekiti, ambayo nadhani ndiyo iliyookoa muda mwingi kwa gharama ndogo. Sera ya Afya ya 2007 inataka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Ili apate msamaha, mzee huanza na barua ya serikali ya mtaa, kisha ofisi ya ustawi wa jamii. Wazee wa bondeni walikuwa wanarudishwa mara kwa mara, na hakuna aliyejua sababu mpaka afisa ustawi wa jamii alipokaribishwa kikaoni akaziona barua zenyewe. Zote zilikuwa na maneno yale yale ya barua ya kufungulia akaunti benki: anayetajwa ni mkazi wa mtaa huu, tunaomba apewe ushirikiano. Hakuna mahali paliposema kwamba hana uwezo wala kwamba kamati ya mtaa imethibitisha. Afisa aliandika palepale sentensi mbili alizohitaji kuziona, watendaji wakazinakili, na nakala zikabandikwa kwenye kila ofisi ya mtaa katika kata. Yule bibi wa karatasi kwenye pindo la kanga alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupita.

Matokeo

Ripoti ya kwanza ya pamoja ilileta taharuki. Idadi ya watu waliofikiwa ilikuwa ndogo kuliko jumla ya ripoti tatu za nyuma, ingawa kila mtu kwenye kata aliona kazi imeongezeka. Sababu ni kwamba majina yaliyojirudia yalikuwa yameondolewa. Kwa hiyo kulinganisha kabla na baada kwa tarakimu kungepotosha, nami sifanyi hivyo hapa. Mfadhili wa shirika la uzazi alielewa baada ya kuonyeshwa madaftari ya zamani.

Yaliyoonekana bila ubishi ni haya. Vipande vya chini vya rufaa vilianza kujaa sandukuni, na ambao vyao havikurudi walifuatwa. Watoto wadogo wa nyumba zenye wagonjwa wa kifua kikuu walianza kuletwa kuchunguzwa, akiwemo yule wa miaka mitatu. Kliniki ya jioni ilijaza wanaume, kundi ambalo hakuna shirika lililokuwa limewahi kulipata. Ng'ambo ya mfereji walikutwa wajawazito waliokuwa hawajahudhuria kliniki hata mara moja huku mimba zikiwa kubwa. Na wagonjwa waliohama chumba walipatikana kwa urahisi zaidi, kwa kuwa mwenye nyumba na namba ya simu vilikuwa daftarini.

Lililokwama ni dawa za presha. Watu walipimwa, wakaelimishwa, wakapelekwa, kisha wakafika dirishani na kuambiwa wakanunue. Dawa za kifua kikuu ni bure na huja kupitia mpango wa taifa. Za presha zinategemea zahanati imeagiza kiasi gani kutoka Bohari ya Dawa na ina fedha kiasi gani, na maagizo ya zahanati ile yalikuwa yamepangwa kwa idadi ya wagonjwa wa zamani. Kazi yetu iliwaongeza wagonjwa, oda ikabaki ile ile. Wazee kadhaa walioshawishiwa kwa taabu waliacha kuja, na wahudumu waliokwenda kuwafuata walipokelewa vibaya. Kamati ya usimamizi wa zahanati ilibadilisha makadirio, lakini hadi dawa zinafika imani ilikuwa imeshapungua.

Kisha mradi wa uzazi ukaisha. Shirika lilifunga ofisi ya kata, vishikwambi vikarudishwa, na nauli za wahudumu wake zikakatika. Wengine waliacha. Daftari lilibaki kabatini, na wahudumu wa mashirika mawili yaliyosalia waligawana nyumba zilizoachwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi hapa ni vitu vya kushikika: daftari moja, karatasi ya kukata katikati, sentensi mbili kwenye barua. Hati ya makubaliano ilikuja kwanza na haikusogeza kitu, kwa sababu iliandikwa na viongozi kabla wahudumu hawajakaa meza moja. Ningekuwa na nafasi ya kushauri kata nyingine, ningesema madaftari yafunguliwe kwanza na hati iandikwe baadaye, ikiwa bado itahitajika.

Uamuzi wa kuliweka daftari zahanati ulithibitika mradi ulipoisha. Wakati unapitishwa ulionekana wa kurudi nyuma, karatasi na kalamu mbele ya vishikwambi. Lakini shirika hukaa muda wa fedha zake na zahanati hubaki. Kama kaya zote zingeingizwa kwenye programu ile, kata ingeanza upya.

Kugawa kwa eneo badala ya ugonjwa kulikuwa na gharama ambayo mashirika mengine yaipime. Wahudumu wa kifua kikuu walikuwa hodari sana kwa sababu waliugua wenyewe. Mgonjwa aliyekata tamaa alimsikiliza mtu aliyemeza vidonge vile vile. Kugawa kwa mitaa kuliwaweka baadhi ya wagonjwa mikononi mwa mhudumu asiye na uzoefu huo. Baadaye ilikubaliwa kwamba mhudumu wa eneo anaweza kumwita mwenzake wa kifua kikuu kwa mgonjwa anayesuasua, na hilo lilipaswa kuwemo tangu mwanzo.

Dawa za presha ni funzo la mpangilio. Ushirikiano huu ulianza kwa kutafuta wagonjwa na ukafikia ugavi mwishoni. Mfamasia wa halmashauri hakualikwa kwenye vikao vya awali, na kukosekana kwake kuliwagharimu wazee. Kabla mhudumu hajashika kipima presha mlangoni kwa mtu, oda ya dawa inayofuata iwe imeshaongezwa.

Suala la ujira halikutatuliwa, na kata peke yake isingeweza kulitatua. Mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa na serikali Januari 2024 unataka wahudumu wawili kwa kila mtaa, mwanamke na mwanamume, waliochaguliwa na wananchi, wakafunzwa na kulipwa, wakishughulikia afya yote badala ya ugonjwa mmoja mmoja. Ndiyo sura ile ile ambayo kata hii iliifikia kwa kupapasa. Ugumu uko kwa wale wasiokidhi vigezo vya umri au elimu, wengi wao wakiwa wanawake wa makamo wanaozijua nyumba za bondeni kuliko mtu yeyote. Taasisi ya dini imewabakiza wachache kwenye kliniki ya jioni kwa nauli tu. Kwa waliobaki, kikao cha kata kimeshapeleka halmashauri ombi la kuwatambua rasmi kama wasaidizi wa wahudumu wapya.